Mwenye Timu ni Nani? Kutoka Columbus hadi Ubaruku

FC Cincinnati iliingia Ligi Kuu ya Marekani, MLS, mwaka 2019 ikashika mkia. Mwaka 2020 ikashika mkia tena, na 2021 vilevile. Kwetu Tanzania misimu mitatu ya namna hiyo ni habari ya msiba. Ukishuka, wadhamini wanakukimbia, wachezaji wanadai mishahara ya miezi, na siku moja timu iliyowahi kuwatoa jasho vigogo inaonekana ikisafiri kwa basi la kukodi kwenda kucheza ligi ya mkoa. Cincinnati haikwenda popote. Ilibaki palepale, ikafungua uwanja mpya, ikaajiri kocha mpya, na mwaka 2023 ikatwaa Supporters' Shield, ngao ya timu iliyokusanya pointi nyingi kuliko zote katika msimu wa kawaida.

Wala haikuingia humo kwa kupanda daraja. Ni kweli ilikuwa imefanya vizuri katika ligi ya chini yake, USL, na ilikuwa ikijaza uwanja, lakini kilichofungua mlango ni ada ya kujiunga: dola milioni 150. Toronto FC ilipoingia mwaka 2007 ada ilikuwa milioni 10. San Diego FC imeingia 2025 kwa milioni 500. Mtu aliyelipa fedha hizo hawezi kukubali kwamba mechi ya mwisho wa msimu, kwa penalti ya dakika ya 90 yenye utata, itamtoa ligi kuu. Ndiyo maana MLS hakuna kushuka. Na kwa kuwa hakuna anayeshuka, hakuna anayepanda.

Shabiki aliyekulia kwenye Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, akisikia hivyo huguna: mpira gani huo usio na hofu? Mguno huo nauelewa, lakini tusiishie hapo. Kila utamaduni wa soka umelazimika kujibu swali moja la kifedha kabla ya lile la uwanjani: timu ikiharibikiwa, hasara inamwangukia nani? Marekani waliamua mapema kwamba isimwangukie mwekezaji. Mengine yote ya ligi yao, mazuri na ya kuudhi, yametoka kwenye uamuzi huo.

Hawakuamua hivyo kwa ujinga. Walikuwa wameshaungua. Ligi yao ya zamani, NASL, ilianza 1968, na mwaka 1975 New York Cosmos, iliyokuwa mali ya kampuni ya Warner, ikamleta Pelé. Wengine wakataka kufanana na Cosmos bila kuwa na mfuko wa Cosmos. Ligi ikatanuka hadi timu 24, fedha zikatoka kuliko zilivyoingia, na baada ya msimu wa 1984 ligi nzima ikafa. Marekani ilipopewa Kombe la Dunia la 1994, sharti mojawapo la FIFA lilikuwa kuunda ligi mpya ya daraja la juu. Waasisi wake walikaa mezani wakiwa na kaburi la NASL mbele yao.

Walichobuni ni kampuni moja. Anayeitwa mmiliki wa timu ya MLS kwa hakika ni mwanahisa wa ligi aliyepewa haki ya kuendesha timu katika mji fulani. Mikataba ya wachezaji huingiwa na ligi. Mishahara ina kikomo. Mwaka 2024 bajeti ya kikosi ilikuwa dola milioni 5.47, kiasi ambacho nyota mmoja wa Ulaya anaweza kukimaliza peke yake kabla ya Pasaka. Juu yake kuna milango ya pembeni. Mkubwa ulifunguliwa mwaka 2007 kwa ajili ya David Beckham: kila timu sasa inaruhusiwa wachezaji watatu ambao mishahara yao haihesabiwi yote ndani ya kikomo. Kwa mlango huo ndiyo alipita Mkenya Victor Wanyama mwaka 2020 alipotoka Tottenham kwenda Montréal, na kwa mlango huo ndiyo kapita Messi mwaka 2023. Beckham mwenyewe aliwapiga chenga ya maana kuliko zote alizopiga uwanjani. Katika mkataba wake alipata haki ya kununua timu mpya kwa dola milioni 25, bei iliyoonekana kubwa wakati ule, na leo timu hiyo inaitwa Inter Miami.

Wachezaji waliupinga mfumo huu mahakamani mwaka 1997. Hoja yao ilikuwa rahisi: timu zisiposhindana kuwanunua, mishahara haipandi. Walishindwa, na mahakama ya rufaa ikathibitisha kushindwa kwao mwaka 2002. Mwaka huohuo ligi ilizifuta timu zake mbili za Florida, zikabaki 10, na kwa kipindi fulani tajiri mmoja, Philip Anschutz, alikuwa akisimamia 6 kati ya hizo. Msomaji wa Tanzania anakumbuka kelele za 2021 kampuni ya GSM ilipotaka kudhamini ligi nzima huku ikiwa mfadhili wa Yanga. Sasa afikirie GSM wakiwa na timu 6 za Ligi Kuu, na hakuna wa kupiga kelele kwa sababu bila wao ligi inafungwa.

Lakini tuwape haki yao. Tuchukue miaka 11, kuanzia 2013 hadi 2023. Katika muda huo MLS ilipata mabingwa 9 tofauti. Ujerumani, Bayern Munich walichukua makombe yote 11. Kwetu, Azam walichukua la 2013/14, na tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 kombe halijatoka kwa Simba na Yanga. Shabiki wa Kansas City au Portland anaanza msimu akiwa na sababu ya kuota. Shabiki wa Coastal Union au Mbeya City anaanza msimu akiwa na sababu ya kupenda mji wake, basi. Anayesema ligi ya Marekani haina ushindani aangalie kwanza jedwali la mabingwa.

Tatizo la mfumo ule haliko kileleni. Liko pale mwekezaji anapotaka kuondoka.

Columbus, mji mkuu wa jimbo la Ohio, ulikuwa na moja ya timu 10 za mwanzo kabisa za MLS, Columbus Crew. Crew ndio waliojengewa uwanja wa kwanza mkubwa wa soka tupu katika ligi hiyo, mwaka 1999, kwa fedha za familia ya Lamar Hunt, wakati wengine wakicheza kwenye viwanja vya futiboli ya Kimarekani vyenye viti maelfu vitupu na mistari ya mchezo mwingine chini ya miguu. Mwaka 2013 timu ilinunuliwa na Anthony Precourt. Oktoba 2017 Precourt akatangaza kwamba asipopata uwanja mpya katikati ya mji, ataihamishia timu Austin, Texas.

Kwa desturi ya michezo ya Marekani hilo halikuwa jambo la ajabu. San Jose walihamishiwa Houston mwishoni mwa 2005, na timu iliyohama ikachukua ubingwa misimu miwili ya kwanza katika mji mpya huku watu wa San Jose wakitazama kwenye televisheni wachezaji waliokuwa wao. Lakini Columbus walikataa. Mashabiki walianzisha harakati ya Save the Crew, na wakati wao wakipeperusha mabango, mwanasheria mkuu wa jimbo alifungua jalada la sheria ambayo wengi walikuwa wameshaisahau. Mwaka 1996, baada ya Art Modell kuwahamisha Cleveland Browns, timu ya futiboli, kwenda Baltimore, bunge la Ohio lilipitisha kwamba timu iliyofaidika na fedha za umma haiwezi kuhama bila kutoa notisi ya miezi sita na kuwapa watu wa eneo lake nafasi ya kuinunua. Machi 2018 jimbo na mji wakafungua kesi.

Kilichofuata kinaonyesha undani wa mfumo kuliko maelezo yoyote. Familia ya Haslam, wamiliki wa Cleveland Browns ya sasa, pamoja na familia ya Edwards, ambayo mmoja wao alikuwa daktari wa timu kwa miaka mingi, walijitokeza kuichukua Crew. Makabidhiano yakakamilika kuelekea 2019. Na Precourt je? Hakutoka mikono mitupu, wala hakutoka kabisa. Alibaki na hisa zake kwenye ligi, akapewa Austin, na Austin FC ikaanza kucheza 2021. Huyu hakuwa mtu aliyeuza klabu akanunua nyingine. Ni mwanahisa aliyehamishwa kituo cha kazi. Kila mwenye mtaji akapata alichokitaka. Waliokaribia kupoteza kila kitu ni wale wasio na hisa, waliokuwa wakikaa jukwaani tangu 1999. Crew walichukua ubingwa 2020, wakachukua tena 2023, na njiani mwaka huo waliwatoa Cincinnati, majirani zao wa jimbo lilelile, kwenye nusu fainali.

Linganisha na Wimbledon. Mei 2002 tume iliyoteuliwa na chama cha soka cha Uingereza iliruhusu klabu hiyo ya London ihamie Milton Keynes, zaidi ya kilomita 80 kutoka nyumbani. Hakukuwa na sheria kama ya Ohio. Hakukuwa na bilionea wa kuja kuokoa. Mashabiki waliachwa bila timu, bila uwanja, bila jezi. Walichokuwa nacho ni ngazi ya madaraja. Walianzisha klabu mpya, AFC Wimbledon, Juni 2002 wakafanya majaribio ya wachezaji kwenye uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, wakajitokeza vijana zaidi ya 200, na msimu ukaanza daraja la tisa. Miaka tisa baadaye, 2011, waliwatoa Luton Town kwa penalti wakaingia daraja la nne, ligi ya kulipwa. Mwaka 2018 klabu iliyonyang'anywa mji wake ilibaki daraja la tatu huku ile iliyohamishiwa Milton Keynes ikishuka. Mwaka 2020 wakarudi Plough Lane, mita mia chache kutoka uwanja wa zamani. Klabu hadi leo inadhibitiwa na chama cha mashabiki.

Hapo ndipo kupanda na kushuka kunapokuwa zaidi ya burudani ya mwezi Mei. Ni haki ya kukata rufaa kwa miguu. Mwenye mali akikufanyia ubaya, unaweza kuanza upya chini kabisa na hakuna mwenye mamlaka ya kukuzuia usirudi juu. Mashabiki wa Columbus, wangeshindwa mahakamani, wangeweza kuunda klabu mpya wakashinda kila mechi kwa miaka 20, na bado wangegonga dari.

Dari hiyo imeandikwa. Viwango vya shirikisho la soka la Marekani vinataka mmiliki mkuu wa timu ya daraja la kwanza awe na utajiri usiopungua dola milioni 40 na hisa zisizopungua asilimia 35 ya timu, na robo tatu ya timu za ligi ziwe katika maeneo yenye watu milioni moja au zaidi. Klabu ya wanachama haiwezi kupenya hapo hata ikicheza kama Barcelona ya Guardiola. Mwaka 2017 Miami FC na Kingston Stockade, timu mbili za ngazi za chini, walikwenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kudai kwamba kanuni za FIFA zinailazimisha Marekani kuwa na kupanda daraja. Mwaka 2020 walishindwa.

Mwenzetu mmoja anaijua dari hiyo kwa namna yake. Bernard Kamungo alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu, mkoani Kigoma, kwa wazazi wa Kikongo. Mwaka 2016 familia ilihamishiwa Abilene, Texas, mji wenye watu kama 125,000. Kwa idadi hiyo ya watu, mji wa Uingereza au Hispania huwa na klabu yenye historia, na kijana wa Abilene angeanza kwa kuichezea klabu ya Abilene, akapanda nayo au akauzwa kutoka kwake, na fedha zikabaki pale. Kamungo alilazimika kwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, mwaka 2021. Akapita. Mwaka 2023 alifunga kwenye mechi ya 4-4 dhidi ya Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 akavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Hadithi nzuri, na ninaifurahia kama Mtanzania yeyote. Ila Abilene wenyewe hawakubakiwa na kitu, wala wangeweza kubakiwa nacho.

Isidhaniwe kwamba ngazi haina walioanguka. Luton haohao waliopoteza kwa penalti 2011 walipanda hadi Ligi Kuu ya Uingereza 2023, wakashuka 2024, wakashuka tena 2025. Bury, klabu ya 1885, ilifukuzwa ligi Agosti 2019 kwa sababu ya madeni. Klabu nyingi za daraja la pili hulipa mishahara inayozidi mapato yao yote kwa tamaa ya kupanda, yaani kila mwaka wanacheza Cosmos upya. Hasara ya Uingereza humwangukia shabiki wa mji mdogo, na ndiyo maana bunge lao mwaka 2025 lilipitisha sheria ya kuunda msimamizi huru wa soka, sheria ambayo pia inazuia klabu kubadili nembo au rangi za jezi ya nyumbani bila kuungwa mkono na mashabiki.

Wajerumani waliliwahi jambo hili. Tangu 1998 klabu zao zinaruhusiwa kuunda kampuni, lakini chama cha wanachama lazima kibaki na nusu ya kura na moja zaidi. Si kinga kamili: Leverkusen na Wolfsburg wana msamaha wa kihistoria, na Leipzig walitimiza herufi za kanuni kwa kuwa na wanachama wenye kura wasiojaza basi moja. Wala haikuwazuia Bayern kula kila kitu. Lakini ligi ilipotaka kumuuzia mwekezaji sehemu ya mapato ya matangazo kwa takriban euro bilioni moja, majukwaa yakarusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki, na Februari 2024 mpango ukatupwa. Jaribu kuwaza hilo likitokea MLS, ambako haki za matangazo ziliuzwa kwa Apple kwa miaka 10 na dola bilioni 2.5, na shabiki akajulishwa tu bei ya kifurushi.

Sisi tumechanganya vyote. Ngazi tunayo: Azam ilianza kama timu ya wafanyakazi wa Bakhresa, ikapanda hadi Ligi Kuu 2008 na kuchukua ubingwa bila kupoteza mechi. Kura za wanachama tunazo pia. Desemba 2017 Mohammed Dewji aliposhinda zabuni ya kuwekeza shilingi bilioni 20 Simba, serikali ilisisitiza wanachama wabaki na asilimia 51, na Yanga nao wakapitisha mfumo wa 51 kwa 49 mwaka 2021. Kwenye karatasi sisi ni Wajerumani.

Nje ya Kariakoo, hata hivyo, tunaishi Kimarekani, tena bila sheria ya Ohio. Tarehe 29 Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, wilayani Mbarali, Ihefu waliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi bila kufungwa. Oktoba 2023 Ihefu wakawafunga tena, 2-1, palepale. Uwanja katikati ya mashamba ya mpunga ukawa jina linaloogopwa hadi Jangwani, makao ya Yanga. Mwaka uliofuata timu hiyo haikuwa tena ya Ubaruku. Ilikuwa imehamia Singida, na jina likabadilishwa kuwa Singida Black Stars. Kabla yake Singida ilikuwa na Singida Big Stars, ambayo kabla ya hapo iliitwa DTB, na ambayo baadaye ikawa Singida Fountain Gate, kisha Fountain Gate, ikaondoka zake kwenda Manyara. Mkulima wa Mbarali aliyekuwa akipanda pikipiki kwenda kuitazama Ihefu hakupewa notisi ya miezi sita. Hakuna mwanasheria wa serikali aliyefungua jalada.

Wamarekani wenyewe wameanza kutikisika. Machi 2025 wamiliki wa timu za USL walipiga kura kuingiza kupanda na kushuka daraja, sambamba na kuanzisha ligi yao ya daraja la kwanza msimu wa 2027/28. MLS haijajiunga, na sioni itajiunga vipi na ada ya milioni 500 mkononi. Lakini wakati wao wanajaribu kujenga ngazi, sisi tunairuhusu ihamishwe na yeyote mwenye lori.

Kwa hiyo, wewe mwenye kadi ya uanachama, iwe ya Msimbazi, Jangwani, Tanga au Mbeya: mkutano mkuu ujao, kabla hamjafika kwenye ajenda ya usajili na nani kaleta mshambuliaji gani, nyanyua mkono uombe usomewe kifungu cha katiba kinachotaja jina la klabu, nembo, rangi na mji wake, na idadi ya kura za wanachama zinazohitajika kukibadili. Kama kifungu hicho hakipo, pendekeza kiandikwe siku hiyohiyo.